Ufufuo si roho kwenda mbinguni, na Lazaro hakuupata

Fungua salamu za rambirambi mtandaoni, hutakosa mtu aliyeandika hivi: "Tusilie, ndugu yetu amekwisha kufufuka, yuko mbinguni kwa Bwana." Hilo la kuwa kwa Bwana Wakristo wengi wataliitikia amina. Hilo la kwanza halimo katika imani yao. Aliyeliandika huenda ibada iliyopita alisimama na wenzake akakiri kwa Kanuni ya Imani ya Nikea kwamba anangojea ufufuo wa wafu. Sasa mtu anangojaje kitu kilichokwisha kufika?

Maana yenyewe ni fupi. Ufufuo, au kiyama ya wafu kama wengine wanavyosema, ni tendo la Mungu la kuwainua waliokufa, siku ya mwisho, wakiwa watu kamili wenye mwili, katika hali ambayo kifo hakiwezi tena kuwagusa. Kwa mafundisho ya Kikristo jambo hilo limekwisha kumtokea Yesu, ambaye Paulo anamwita "limbuko lao waliolala". (Wakatoliki wanaamini pia kwamba Bikira Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho, fundisho alilolitangaza rasmi Papa Pio XII mwaka 1950. Mathayo 27 nayo ina watakatifu waliotoka makaburini, na wafafanuzi hawajapatana waliishia wapi.) Sisi wengine, na marehemu wetu wote, tumo kwenye foleni.

Hapo ndipo huja swali: na Lazaro je?

Lazaro alirudishiwa uhai. Alikuwa kaburini siku nne, dada yake Martha akaonya kwamba maiti imeanza kunuka, Yesu akamwita, akatoka. Lakini soma alivyotoka. Yohana anasema alikuwa amefungwa sanda miguu na mikono, na uso wake umefungwa leso, hata ikabidi Yesu awaambie waliokuwapo, "Mfungueni, mkamwache aende zake." Alirudi na nguo za maiti kwa sababu angezihitaji tena. Na hakukaa sana kabla ya kutishiwa kuzivaa: sura inayofuata, wakuu wa makuhani wanafanya shauri la kumwua Lazaro naye, maana kwa ajili yake watu walikuwa wakimwamini Yesu. Mtu anayeweza kupangiwa njama ya kuuawa hajatoka mikononi mwa mauti. Amepewa muda tu.

Sasa linganisha na Yohana 20. Petro anaingia kaburini, anakuta vitambaa vya sanda vimelala, na ile leso ya kichwani imezongwa-zongwa mbali, mahali pa peke yake. Hapa hakuna aliyehitaji kufunguliwa na mtu. Mwandishi ni yuleyule, na nguo anazozitaja ni zilezile, sanda na leso. Siamini kwamba ilikuwa bahati. Paulo anaisema tofauti hiyo bila picha: Kristo akiisha kufufuka katika wafu "hafi tena, wala mauti haimtawali tena". Sentensi hiyo huwezi kuiandika juu ya Lazaro, wala juu ya mwana wa mjane wa Naini, binti Yairo, Tabitha wa Yafa, au yule kijana Eutiko aliyesinzia mahubiri yakiendelea akaanguka kutoka orofa ya tatu. Wote hao walirudi kwenye maisha haya haya, na wote walikufa tena. Kwa hiyo hata mgonjwa ambaye moyo wake ulisimama kisha ukapiga tena, mwite aliyefufuka ukipenda, ni Kiswahili sahihi kabisa. Usimfanye tu ushahidi wa kile kinachongojwa kanisani.

Kosa la pili ni gumu zaidi kulishika kwa sababu linasikika kama uchaji: kwamba kufufuka maana yake roho kuuacha mwili na kupaa. Wazo hilo ni la zamani na lina heshima zake, ila walilishikilia zaidi wafuasi wa Plato, walioona nafsi haifi kwa asili yake na mwili ni kifungo chake. Mtu mwenye mawazo hayo hana haja ya ufufuo. Kwake kurudishiwa mwili ni sawa na kurudishwa rumande. Ndiyo maana Paulo alipokuwa Athene, katika Matendo 17, wasikilizaji walimvumilia alipozungumza juu ya Mungu aliyeumba vyote. Alipofika kwenye kiyama ya wafu wengine wakamdhihaki. Kama angekuwa anahubiri kwamba roho inaendelea kuishi, mfuasi wa Plato asingeona la kucheka.

Mizizi ya tumaini la Kikristo ilikuwa kwingine. Danieli 12 inasema juu ya walalao katika mavumbi ya nchi kwamba wataamka. Katika kitabu cha pili cha Makabayo, ndugu wa tatu kati ya saba wanaoteswa ananyosha mikono yake ikatwe, akisema anatumaini kuipata tena kutoka kwa Mungu. Alitaka mikono. Masadukayo, kundi la Wayahudi waliokana ufufuo, hawakukubali lolote kati ya hayo, na ndio waliomletea Yesu kile kitendawili cha mwanamke aliyeolewa na ndugu saba: katika ufufuo atakuwa mke wa nani?

Je, basi marehemu wako wapi sasa hivi? Hapa Wakristo wenyewe hawasemi kwa sauti moja. Wengi wanasema roho iko kwa Kristo, wakitaja yule mhalifu aliyeahidiwa kuwa peponi siku ileile, na Paulo aliyetamani kwenda akae na Kristo. Wakatoliki wanaongeza toharani kwa wanaohitaji kutakaswa. Waadventista Wasabato wanasema wafu wamelala bila fahamu hadi waitwe. Hata Papa aliwahi kujikwaa: Yohane XXII alihubiri mwaka 1331 kwamba roho za watakatifu hazimwoni Mungu uso kwa uso mpaka baada ya hukumu ya mwisho. Wanateolojia wakamjia juu, naye akaiacha kauli hiyo muda mfupi kabla ya kufa mwaka 1334. Mwaka 1336 mrithi wake, Benedikto XII, akalifunga suala kwa Kanisa lake: wanamwona tangu sasa. Ila hakuna aliyedai, si Yohane wala Benedikto, kwamba huko kumwona Mungu ndiko kufufuka. Walibishana juu ya kinachotokea kabla ya ufufuo.

Mwili gani, basi? Swali hili lina watesi wake maarufu. Mwaka 177 huko Lyon, Ufaransa ya leo, waliowaua Wakristo waliacha maiti zao wazi siku 6, kisha wakazichoma na kuzoa majivu wakayatupa katika mto Rhône, wakisema tuone sasa kama watafufuka. Walielewa fundisho vizuri kuliko baadhi yetu, kwamba wafia dini wale walitumainia mwili. Walichokosea ni kudhani Mungu angehitaji kuokoteza majivu. Paulo alishalijibu hilo kwa mbegu: unachopanda si mwili ule utakaokuwa, bali chembe tupu, na bado kinachoota ni chake, si cha mmea mwingine. Ndiyo maana Yesu mfufuka ana makovu yaleyale na anakula kipande cha samaki wa kuokwa, na wakati huohuo anawatokea wanafunzi milango ikiwa imefungwa, na wale wa Emau wanatembea naye wasimtambue.

Nikiri upande wa pili una kisingizio kizuri. Paulo huyohuyo anawaandikia Wakolosai walio hai, wazima wa afya, kwamba wamefufuliwa pamoja na Kristo. Anasema juu ya ubatizo na maisha mapya, na kwa maana hiyo ya mfano neno lina nafasi yake. Lakini yapo pia majina mawili katika waraka wa pili kwa Timotheo, Himenayo na Fileto, wanaolaumiwa kwa kusema kiyama imekwisha kuwapo na kuipindua imani ya watu. Huenda nao walianzia hapohapo penye mfano wakasahau kurudi.

Anayeandika rambirambi hana nia ya kuwa Himenayo, na msibani si mahali pa kumsahihisha mtu. Ukiwa unaandika wewe, "amelala katika Bwana" inatosha, na "tunangojea ufufuo wake" ndiyo hasa Kanuni ya Imani inavyosema.