Damu ya utafiti haiendi sokoni

Taja utafiti wa tiba pale Mwanjelwa, Mbeya, hukosi wa kukuonya: "Watachukua damu yako wakauze." Ni ule uvumi wa mumiani wa enzi za mkoloni, umevaa koti jeupe.

Tazama kichupa chenyewe. Chenye kifuniko cha zambarau hubeba mililita chache tu, na ndani kimetiwa kemikali ya kuzuia damu isigande. Vichupa vitatu havifikii hata sehemu ya kumi ya mililita 450 anazotoa mchangia damu. Hakuna mgonjwa anayeongezewa damu hiyo. Inakwenda maabara: wa kifua kikuu, wa kisukari, wa figo, kila mtaalamu na anachokitafuta.

Kuuliza, uliza. Kibali cha kitaifa cha maadili hutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na dawa mpya ikijaribiwa, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao lazima waidhinishe. Uliza pia sampuli itatunzwa muda gani, na kama itasafirishwa nje. Hilo hutokea, na una haki ya kulijua kabla ya kusaini. Ukighairi katikati, unajitoa, na kliniki unaendelea kutibiwa kama kawaida.