Sheria ya Ohm: juu ya nini injinia na mwanafizikia hawaielezi sawa

Hapa kwenye laboratware yetu ya Lubumbashi wanafunzi wanatuletea sana hili swali: mwalimu wa elektrisite alisema sheria ya Ohm ni U = R × I basi (volti ni ukinzani mara mkondo), prof wa fizikia naye anasema hiyo peke yake haijawa sheria, sasa nani anadanganya? Hakuna. Kila mmoja anaongelea jambo lake.

Injinia anakupa njia ya kupata R: pima volti, pima ampea, gawanya, umemaliza. Ukiichukua hivyo hakuna kitu kinaweza kuivunja, maana R ni jibu la kugawanya tu. Mwanafizikia anauliza ingine: ukipandisha volti, R inabaki ileile? Ikibaki, ndiyo hapo kitu kinafuata Ohm, na njo kile Georg Ohm alikiona kwenye waya za metali akakichapisha 1827.

Chukua ampuli ya zamani, ile ya kauzi kembamba ndani, wati 100 kwa volti 220. Kwa hesabu R yake ni omu 484. Haya izime, iache ipoe, itoe, weka multimeta: haifiki hata 50! Multimeta ni nzima. Ni ule uzi wa tangisteni, ukiwaka unapita digrii 2000 na ukinzani unapanda mara kumi na zaidi, njo maana ampuli inapenda kuungua palepale unapobonyeza swichi, maana ikiwa baridi inavuta mkondo mwingi kwa ghafla. Kwa hiyo ampuli iko na R lakini sheria ya Ohm haiifuati, na hapa mimi niko na mwanafizikia kabisa.

Mwanafizikia anaanzia kwenye shaba yenyewe, J = σE (mkondo kwa kila eneo la waya ni upitishaji wa shaba mara uwanja wa umeme), bila kujali waya ni refu au fupi. Injinia anaongeza urefu na unene ndio anapata R. Na ni hesabu ya maana: mtu anavuta moto (umeme) kwa jirani mita 100 na waya ya milimita mraba 1,5, anawasha resho (jiko la umeme) ya ampea 10, karibu volti 23 zinapotea njiani, hata shaba iwe safi ya Katanga.

Kwa sheria ya volti ya mwanafizikia Kirchhoff nahamia kwa mainjinia, ila kwa masharti. Yeye 1845 alisema ukizunguka sakiti yote volti zinajumlika sifuri. Lakini Faraday tangu 1831 alishaonyesha sumaku ikibadilika ndani ya mzunguko inazaa volti. Walter Lewin, aliyekuwa prof wa chuo cha MIT kule Marekani, aliweka omu 100 na omu 900 kuzunguka sumaku inayobadilika, volti 1 yote pamoja, akaunga voltimeta mbili kwenye pointi zilezile, moja ikasoma 0,1 na ingine 0,9 upande wa kinyume! Injinia atakujibu waya za voltimeta nazo ziko ndani ya mchezo, weka hiyo volti 1 kama chanzo kwenye mchoro na hesabu inatoka. Inatoka kweli, nimeshafanya. Ila lazima uiweke, wengi kwenye egzetat (mtihani wa serikali) wanaisahau.

Kwenye laini ya umeme kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, kilomita 1.700 hivi, moto unaopita ni wa DC (mkondo wa upande mmoja), mkondo ukishatulia sumaku haibadiliki, basi hapo wote wawili wanaandika hesabu moja.