Mtangazaji anayetaka mbio za magari aanzie kiti cha mwelekezi

Watangazaji wa runinga hapa Mombasa wanaponiuliza waingie vipi kwenye mbio za magari, karibu wote huwa wameshajichagulia usukani. Mimi huwaambia wakae kiti cha pembeni kwanza, na siwadharau kwa hilo. Mwelekezi hukaa kando ya dereva katika mbio za rally na kumsomea maelezo ya njia kwa sauti, bila kukosea, huku saa inakimbia na gari linapiga kelele. Aliyezoea kusoma taarifa ya saa moja huku prodyusa akimhesabia sekunde sikioni ana nusu ya ufundi huo tayari.

Njia kati ya mbio na runinga ina watu waliokwisha kuipita. Tony Mason alikuwa mwelekezi wa Roger Clark waliposhinda RAC Rally ya Uingereza mwaka 1972 kwa Ford Escort RS1600, kisha akawa mtangazaji wa Top Gear, kipindi cha magari cha BBC. Tiff Needell, aliyemaliza wa tatu kwenye saa 24 za Le Mans mwaka 1990, na Sabine Schmitz, mshindi wa saa 24 za Nürburgring mwaka 1996 na 1997, wao walifika runingani kutoka kwenye usukani. Wote watatu walianza na mbio, kamera ikafuata. Anayeanza na kamera kazi inambana na fedha hazitoshi, na gharama za mwelekezi ni kidogo mno ukizilinganisha na za mwenye gari.

Sasa tuje kwenye noti za njia, yaani hayo maelezo ya kona na hatari unayomsomea dereva. Kila kona hupewa namba. Kwa wengi 1 ni kali kabisa na 6 ni ya kupita kwa kasi, lakini wapo madereva wanaogeuza, kwa hiyo ulizeni mapema. Mstari wa kawaida utasomeka hivi: “Kulia 4 ndefu, usikate, 60, kushoto 2 juu ya tuta.” Hiyo 60 ni mita, na “usikate” ni kumwambia dereva asipitie ndani ya kona. Kwenye ukaguzi wa njia mara nyingi mnaruhusiwa kupita kila mkondo, yaani kila kipande cha njia kinachoshindaniwa kwa saa, mara mbili, kwa mwendo wa kawaida: mara ya kwanza dereva anataja nawe unaandika, mara ya pili unamsomea naye anasahihisha. Tumia penseli laini ya 2B. Kwa joto letu la Pwani jasho litadondoka kwenye daftari, na wino utageuka doa.

Tabia za studio ndizo zinazowaangusha watangazaji. Ya kwanza ni kushusha sauti mwishoni mwa sentensi. Redioni inapendeza, lakini garini neno la mwisho ndilo humezwa, na mara nyingi neno hilo ndilo onyo lenyewe: “usikate”, “teleza”, “daraja”. Soma kwa sauti bapa, nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Ya pili ni kuziba kimya kwa maneno. Gari likienda kilomita 120 kwa saa linakula mita 33 kila sekunde; sekunde tatu za “haya, twende, vizuri sana” ni mita 100 ambazo dereva hajaambiwa chochote. Ya tatu ni kuomba radhi. Ukikosea, taja lililo sahihi tu. Ukipotea kwenye daftari, sema “nimepotea” papo hapo ili dereva aendeshe kwa macho, kisha tafuta alama kubwa inayofuata, kama daraja au njia panda, uanzie hapo.

Kichefuchefu nacho hakimwachi mtu. Fanya mazoezi kwenye gari la kawaida, kwa mwendo halali, barabara za vumbi za upande wa Kinango, ukisoma kwa dakika 20 mfululizo na kuinua macho kila baada ya mstari. Kula kidogo, tafuna tangawizi. Viazi karai vitakusubiri jioni.

Kwenye muda, studio inakufundisha kinyume. Kule kuwahi ni sifa, ila kwenye kituo cha muda cha rally, ambapo msimamizi huandika dakika mliyofika, kuchelewa hutozwa sekunde 10 kwa dakika, na kuwahi hutozwa dakika nzima kwa kila dakika. Yaani kuwahi dakika moja ni sawa na kuchelewa sita. Simamisha gari nje ya eneo la kituo, ingia dakika yenu au ile iliyotangulia, lakini kadi ya muda ikabidhi dakika yenu yenyewe, na kabla ya kuondoka soma ulichoandikiwa. Makosa ya msimamizi yasiporekebishwa palepale huwa mzigo wenu.

Mavazi: helmeti yenye kiwango cha FIA (shirikisho la kimataifa la magari) 8859-2015, HANS, yaani kinga ya shingo, ya 8858, na nguo ya kuhimili moto ya 8856-2018. Helmeti ya pikipiki haipiti ukaguzi. Ya karti nayo haipiti, kwa kuwa kitambaa chake cha ndani hakikutengenezwa kuhimili moto. Leseni hutoka KMSF, shirikisho la mbio za magari Kenya, na mwelekezi anahitaji yake mwenyewe.

Najua mtarekodi, kwani ndiyo kazi yenu. Kamera ifungwe kwa kibano cha chuma kwenye kizimba, yale mabomba ya kinga ndani ya gari, kabla ya ukaguzi wa gari. Msiibandike kwenye helmeti. Sauti ichukueni kwa waya kutoka kwenye intakomu, chombo ambacho dereva na mwelekezi husikizana nacho, kwa sababu maikrofoni ya kamera itawapa mawe na injini tu. Wekeni kilele cha sauti karibu na -12 dB mkiwa mnapiga kelele, si mkiwa mnaongea kwa utulivu kwenye hema. Maikrofoni ya helmeti iguse midomo, na sponji yake iwe na akiba, maana ikilowa jasho sauti inafifia. Plagi za intakomu zipulizieni dawa ya kusafishia viungo vya umeme kabla ya kila shindano: chumvi ya upepo wa bahari huzila polepole, na dalili ya kwanza ni sauti inayokatika kila gari linapogonga shimo. Wengi hukimbilia kubadilisha helmeti, kumbe ugonjwa uko kwenye plagi.

Halafu kuna ratiba. Ukaguzi wa njia hufanyika kabla ya siku za mashindano, na Naivasha kwenye Safari Rally ya dunia ni siku za kazi kabisa. Omba ruhusa kwenye kituo chako cha runinga kwa siku hizo kwanza, za mashindano baadaye. Bosi akikubali Ijumaa na Jumamosi pekee, umebaki bila noti, na mwelekezi asiye na noti ni abiria.