Plastiki Inayooza Kama Kihami cha Umeme: Anza na Joto na Unyevu

Asidi ya polilaktiki, plastiki inayooza maarufu kama PLA, ikiwa kavu na ikipimwa kwenye nyuzi joto 25 za Selsiasi, huzuia umeme vizuri sana. Ukinzani wake mahususi, yaani jinsi mata yenyewe inavyozuia mkondo, huzidi ohm-mita 10¹², na kipimo chake cha dielektriki, yaani uwezo wake wa kuhifadhi nishati ya umeme ukilinganishwa na ombwe, ni kama 3, dhidi ya 2.3 cha polithini. Ndiyo maana majedwali mengi ya sifa za plastiki huisifu. Tatizo ni kwamba jedwali huonyesha nyuzi 25 tu.

PLA hulegea kati ya nyuzi 55 na 65. Ikivuka hapo, minyororo ya molekuli hupata nafasi ya kusogea, na ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) zilizobaki kutoka kiwandani, hasa mabaki ya kichocheo, husafiri nayo. Mkondo unaovuja huongezeka haraka. Polikaprolaktoni (PCL), plastiki nyingine inayooza, hulegea kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri, kwa hiyo katika joto la chumba tayari imelegea. Tena huyeyuka karibu na nyuzi 60. Usitarajie ilingane na PLA.

Unyevu una kasoro mbili. Kwanza, maji huongeza uvujaji moja kwa moja. Pili, hukata viungo vya esta vinavyounganisha sehemu za mnyororo wa molekuli, yaani vilevile vinavyoifanya plastiki ioze, na kila kiungo kinachokatika huacha ncha yenye asidi inayoharakisha ukataji unaofuata. Kwa hiyo kihami kilichofaulu majaribio kikiwa kipya kinaweza kushindwa baada ya kukaa muda mrefu mahali penye joto na unyevunyevu, hata kama kwa macho hakijabadilika.

Wakati wa kupima, kausha bamba la PLA katika tanuri la ombwe (lililoondolewa hewa) kwa nyuzi 40, saa 24, kisha lihifadhi kwenye chombo chenye silika jeli, punje zinazofyonza unyevu. Ukipandisha hadi nyuzi 80 ili uwahi, bamba litapinda. Pima unene sehemu tano. Elektrodi, yaani sehemu za kugusisha umeme kwenye bamba, zipakwe grafiti au metali iliyofukizwa katika ombwe. Rangi za fedha zenye asetoni huharibu uso wa PLA, na kosa hili ni la kawaida mno.

Weka volti 500, subiri sekunde 60, ndipo usome. Elektrodi ya kipenyo cha milimita 50 ina eneo la mita za mraba 0.00196. Bamba likiwa na unene wa milimita 1 na ukasoma ohm 5×10¹³, zidisha kwa eneo, gawanya kwa unene: unapata takriban ohm-mita 10¹⁴. Mkondo hapo ni pikoampea 10 tu, kiasi kwamba kuugusa waya wa kipimo kunatosha kuyumbisha usomaji. Tumia pete ya kinga, yaani pete ya metali inayonasa mkondo wa juu ya uso, kuzunguka elektrodi, la sivyo utapima uvujaji wa juu ya uso badala ya ule wa ndani.

Jaribio la kuvunjika kwa volteji, yaani la kupata volteji inayotoboa kihami, lifanyike ndani ya mafuta ya transfoma, vinginevyo cheche itapita pembeni. Filamu nyembamba hustahimili kilovolti nyingi zaidi kwa milimita kuliko bamba nene, hivyo namba isiyotaja unene haifai kulinganishwa na nyingine.

Ukitaka kubandika vijenzi juu ya PLA, sahau risasi ya kulehemu ya kawaida: huyeyuka kwenye nyuzi 183, wakati PLA yenyewe huyeyuka kati ya 150 na 180. Tumia gundi inayopitisha umeme, inayokauka chini ya nyuzi 50.