Mimi naogopa kitambaa, si mashine

Nilipokuwa wodini Tanga, mgonjwa asiyeweza kujigeuza tulimbeba watu watatu: huyu kwapani, huyu kiunoni, huyu miguuni, "moja, mbili, hayaa!" Viuno vyetu vinajua. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, imeweka kikomo cha kilo 16 kwa muuguzi mmoja kumnyanyua mgonjwa kwa mikono, tena hali ikiwa nzuri. Mguu mmoja tu wa mtu wa kilo 100 unakaribia hapo.

Sasa niko Uingereza, kwenye nyumba ya wazee, na kutwa niko na hoisti, ile mashine ya magurudumu yenye mkono wa chuma wa kumwinulia mgonjwa. Wageni kazini huiogopa. Mimi naogopa kile kitambaa anachofungiwa mgonjwa. Nakiita mbeleko, maana mama yeyote anaijua hesabu yake: ikipwaya mtoto anachuruzika, ikibana inamkata mapaja. Kila mzee ana yake ya saizi yake, na haiazimwi. Lebo ikifutika kwa kufuliwa hadi uzito inaobeba hausomeki, naitoa kazini siku hiyohiyo.

Kisha vitanzi vya mbeleko vya kuitundika kwenye hoisti, vyenye rangi kwa urefu wake. Vifupi mabegani na virefu miguuni, mgonjwa anakaa wima. Ukigeuza, analala chali. Kulia na kushoto rangi ni moja. Juzi mwenzangu alitundika kijani huku na bluu kule, nami sikuona. Kilichotuokoa ni mazoea: mgonjwa akishaachana na godoro kidogo tu, tunasimama na kutazama kitanzi kimoja kimoja. Mzee alishaanza kulalia upande. Tukamshusha, tukaanza upya, naye akauliza kama tunapima viazi.

Breki ndizo zinazobishaniwa. Kwa hoisti nyingi za magurudumu, wakati wa kuinua hufungi breki, ili mashine ijisogeze yenyewe ifuate uzito. Ukiifunga inaweza kupinduka. Kinachofungwa ni kiti cha magurudumu anachoshushiwa. Ukaguzi wa kitaalamu, kwa kanuni za hapa za 1998, kwa kawaida ni kila miezi 6, na mbeleko nazo zimo.

Mzee akishakaa, mkono wangu mmoja haubanduki kwenye chuma cha kutundikia. Vitanzi vikitoka tu chuma kinayumba, na kiko usawa wa paji lake la uso.