Ukinyanyua Land Cruiser, kazi kubwa iko kwenye usukani

Mwenye Land Cruiser 78 au 79 akija gereji kunyanyua gari kwa springi ndefu, swali lake la kwanza huwa ni inchi ngapi. Langu ni gari linabeba nini kila siku. Gari la watalii lenye paa la kufunguka, ngao ya mbele, winchi, friji na viti vimejaa haliwezi kufungwa springi zilezile za pikapu inayotembea tupu. Springi huchaguliwa kwa uzito, kimo kinafuata. Funga springi ngumu kwenye gari jepesi, halafu upite mawimbi ya barabara ya Naabi kwenda Seronera, kule Serengeti: tairi zitadunda tu badala ya kushika ardhi.

Kwa kazi za huku kwetu Arusha inchi 2, yaani milimita 50 hivi, zinatosha kabisa. Na tuelewane hapa: springi ndefu haziinui difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli. Difu iko kwenye ekseli, na ekseli imekaa juu ya tairi. Kinachoinua difu ni tairi kubwa. Springi zinainua bodi na chesisi, zinaipa hiyo tairi nafasi ya kucheza bila kugusa madigadi.

Sasa usukani. Tangu 1999 magari haya yana springi za koili mbele, na ekseli imeshikwa na amu mbili ndefu pamoja na rodi ya kukatiza kutoka chesisi hadi ekseli, ambayo mafundi tunaiita panadi. Chesisi ikipanda, zile amu zinainamia mbele zaidi, na zikiinama zinaizungusha ekseli. Hapo unapoteza kesta, yaani ule mlalo kwenda nyuma wa kingipini, pini ambayo tairi inageukia unapokata kona. Kesta ndiyo inayofanya uma wa baiskeli uwe umelala, ukiachia mikono baiskeli inaendelea kunyooka. Kwenye Land Cruiser 80, ambayo mbele imefungwa kwa mtindo huohuo, hesabu ya mafundi ni karibu digrii moja kwa kila inchi unayonyanyua, na kiwandani lilitoka na kama tatu tu. Dereva atakwambia gari linatangatanga, kwenye lami kila mara analirudisha njiani, na akikata kona usukani haurudi wenyewe. Dawa yake ni bushi za kesta, zile zenye tundu lililokaa pembeni, au mabano ya kushusha amu. Ila usizidishe. Unaporudisha kesta, pua ya difu ya mbele inashuka na pembe ya propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, inaongezeka. Kwenye 79 ukiwa umefungua habu, zile kofia za tairi za mbele zinazofungwa kwa ajili ya foo-wili, hutaisikia. Kwenye 80 yenye foo-wili ya muda wote, propela ya mbele inazunguka kila wakati, na itaanza kutetemesha gari.

Panadi nayo: gari likipanda, inaivuta ekseli kwenda upande mmoja. Pima kutoka ukingo wa tairi hadi kwenye chesisi, kushoto na kulia, utaona. Weka panadi ya kurekebishika, urudishe ekseli katikati. Halafu lala chini uitazame panadi pamoja na rodi inayotoka kwenye boksi la usukani. Mlalo wake uwe mmoja. Mafundi wengine hushusha panadi peke yake kwa bano, na kuanzia hapo kila shimo linaunyang'anya usukani mkononi mwa dereva.

Usukani ukikaa upande baada ya kazi, rekebisha urefu wa rodi ile inayotoka kwenye boksi. Tafadhali usichomoe usukani wenyewe na kuugeuza. Boksi limetengenezwa liwe na mkazo zaidi likiwa katikati; ukiliacha limekaa pembeni, unaendesha kwenye sehemu yake yenye mchezo.

Kabla ya kuuza kipuri chochote cha usukani, namwita kijana akae kwenye kiti, injini inanguruma, tairi ziko chini. Achezeshe usukani kidogo tu kushoto na kulia. Mimi niko chini, kiganja kwenye kila tairodendi, yaani kiungo cha mwisho wa rodi za usukani, kisha kwenye bushi za panadi, kisha kwenye boksi. Kiungo kilichokufa unakisikia kwa kiganja kabla ya kukiona kwa jicho: kinagonga. Baadaye napiga jeki kupima beringi za kingipini. Gari likianza kutikisa usukani kwa nguvu kwenye mwendo, kisa kiko humo au kwenye balansi ya tairi. Shokapu mpya ya usukani itauficha ugonjwa kwa muda tu. Tairodi nene, yaani rodi inayounganisha tairi mbili za mbele, ni ununuzi mzuri kwa anayepita mawe ya njia ya Ziwa Natron, kwa sababu ile ya kiwandani ikigonga jiwe inapinda.

Wakati wa kufunga, bolti za bushi zote za mpira zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza likiwa hewani, mpira unakaa umejisokota na utachanika mapema. Ekseli ikiwa imening'inia, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili uangalie paipu za breki zisivutike. Nyuma weka yu-bolti mpya, zile bolti za umbo la U zinazoshika springi kwenye ekseli; usirudishe za zamani.

Kisha alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mkao wa tairi, na umwombe fundi akupe karatasi yenye namba ya kesta. Baada ya kilomita 500 rudi gereji, yu-bolti zikazwe tena.