Maana ya himaya katika mieleka ya kulipwa ya Marekani

Katika historia ya mieleka ya kulipwa ya Marekani, himaya ni eneo la miji kadhaa ambamo promota mmoja tu, au kundi moja la washirika, ndiye aliyetambuliwa na wenzake kuwa na haki ya kuandaa mapambano. Haki hiyo haikutolewa na serikali. Ilitokana na makubaliano ya mapromota wenyewe, ambao baadhi yao walikutana Waterloo, katika jimbo la Iowa, Julai 1948, wakaunda chama kilichoitwa National Wrestling Alliance. Walikubaliana kutoingiliana katika miji yao, kuazimana wanamieleka, na kumtambua bingwa mmoja wa dunia ambaye angezunguka kwa kila mwanachama kupambana na shujaa wa mahali hapo. Wizara ya Sheria ya Marekani iliona katika mpango huo njama ya kuua ushindani, na mwaka 1956 chama kililazimika kutia saini hati ya kuahidi kuacha mwenendo huo. Hata hivyo, desturi ya kugawana nchi iliendelea kwa karibu miaka 30 mingine.

Ili kuelewa jinsi himaya ilivyofanya kazi, inafaa kuitazama moja kwa karibu, na iliyo rahisi kueleweka ni ile ya Memphis, katika jimbo la Tennessee, iliyoongozwa na Jerry Jarrett tangu 1977. Kila Jumamosi asubuhi kituo cha televisheni cha WMC cha mjini humo kilirusha moja kwa moja kipindi cha mieleka cha dakika 90, kikiongozwa na Lance Russell pamoja na Dave Brown, ambaye watazamaji wale wale walimfahamu pia kama mtabiri wa hali ya hewa. Kipindi hicho kilikuwa tangazo la biashara: kilionyesha ugomvi ukianza, lakini aliyetaka kuona mwisho wake alipaswa kulipa kiingilio Jumatatu usiku katika ukumbi wa Mid-South Coliseum, uliochukua watu zaidi ya 10,000. Jumanne kundi lile lile lilikuwa Louisville, Kentucky, zaidi ya kilomita 600 kwa barabara, na Jumatano lilikuwa Evansville, Indiana. Wiki iliyofuata mzunguko ulianza upya. Wanamieleka walisafiri kwa magari yao na walilipwa kutokana na mapato ya mlangoni, kwa kiasi alichoamua promota, kwa hiyo usiku wenye watu wachache ulikuwa usiku wa malipo madogo kwa kila mtu.

Mshindi wa pambano alikuwa amepangwa kabla ya watu kupanda ulingoni, na siri hiyo ililindwa kwa ukali unaoweza kumshangaza mtazamaji wa leo. Shujaa na adui, yaani wale ambao wapenzi wa filamu za zamani Afrika Mashariki wangewatenga mara moja kuwa steringi na majambazi, hawakuruhusiwa kupanda gari moja wala kula pamoja hadharani. Mwaka 1987, siku ambazo mfumo ulikuwa tayari unasambaratika, Jim Duggan na mpinzani wake Iron Sheik walikamatwa na polisi wa New Jersey wakiwa ndani ya gari moja, na kilichowaudhi wakuu wa mieleka hakikuwa dawa za kulevya zilizopatikana humo peke yake. Kuonekana pamoja kulihesabiwa kuwa kosa zito vilevile.

Jambo lililotawala maisha ya mwanamieleka wa himaya lilikuwa kuchuja, yaani kupoteza mvuto. Mtu aliyeonekana kwenye televisheni kila Jumamosi na kupambana katika mji ule ule kila wiki alimaliza upya wake haraka: alikwisha kupigana na kila mpinzani wa maana, na mashabiki walikwisha kumjua. Promota hakungoja hadi kumbi ziwe tupu. Alimpigia simu mwenzake wa Texas au Florida, akamtafutia mtu wake nafasi, kisha akatangaza pambano ambalo atakayeshindwa lazima auhame mji. Mashabiki walinunua tiketi kwa kuamini kwamba hatima ya mtu iko mashakani, kumbe mizigo yake ilikwisha kufungwa. Hivyo ndivyo Jerry Lawler, kinara wa Memphis, alivyomshinda mwanamieleka mwenzake Randy Savage mjini humo mwaka 1985, na Savage akaenda zake kwenye kampuni kubwa ya kaskazini, ile ya familia ya McMahon (WWF, leo WWE), iliyomfanya kuwa maarufu dunia nzima. Kuhama, kwa hiyo, hakukuwa ishara ya kufeli. Ndiko kulikomwezesha mtu kuanza tena mahali pengine kama mgeni, mara nyingi kwa jina jipya na asili mpya.

Mfano unaomhusu msomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja ni James Harris, mzaliwa wa Senatobia, Mississippi, mwaka 1950. Alianza mieleka mwishoni mwa miaka ya 1970, akijulikana mahali fulani kama Sugar Bear Harris, na akapita hata Uingereza kama mbabe wa kutoka Mississippi. Alikuwa na mwili mkubwa na uwezo wa kutosha, lakini hakuwa na hadithi. Alipofika Memphis mwaka 1982, Jarrett na Lawler walimtengenezea moja: walimpaka rangi usoni na kifuani, wakamvua viatu, wakamvika kinyago, wakampa mkuki na jina la Kamala, wakawaambia watazamaji kwamba ni jitu kutoka Uganda lililowahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Picha za kumtambulisha, zilizodaiwa kuwa za msituni Afrika, zilipigwa shambani kwa Jarrett huko huko Tennessee.

Amin alikuwa ameangushwa mwaka 1979, na jina lake lilikuwa bado la kutisha katika habari za Marekani. Waandaaji walichukua hofu iliyokuwa tayari vichwani mwa watu, wakaiuza kwa tiketi. Mtu anayeijua Uganda hawezi kulitazama igizo hilo bila kuona tusi ndani yake, kwani Mwafrika pale hakuwa na lugha wala akili, na meneja ndiye aliyemsemea. Hata hivyo, kwa Harris mwenyewe tusi hilo lilikuwa riziki. Kutoka Memphis alipelekwa kwenye himaya ya Bill Watts, iliyojumuisha Louisiana, Oklahoma na Mississippi, kisha Texas, na kufikia 1984 alikuwa akipambana katika kampuni ya familia ya McMahon, ambako baadaye aliwekwa dhidi ya Hulk Hogan katika kumbi kubwa za nchi. Kwamba hapakuwa na ulazima wa kumwonyesha mtu mweusi kwa namna hiyo kunathibitishwa na Watts huyo huyo, ambaye tangu 1980 alimfanya Sylvester Ritter, aliyeitwa Junkyard Dog, kuwa shujaa mkuu wa New Orleans, na mashabiki wa rangi zote wakajaa kumwona.

Wachache hawakuhama, na sababu kwa kawaida ilikuwa umiliki. Lawler, mzaliwa wa Memphis, aliweza kubaki kinara wa mji wake kwa miongo miwili kwa kuwa pia alikuwa na hisa katika biashara. Wageni ndio waliobadilishwa ili yeye apate wapinzani wapya, hadi mchekeshaji Andy Kaufman, ambaye alipambana naye Aprili 1982 na kuifanya nchi nzima izungumzie Memphis.

Mfumo wa himaya ulikuja kutegemea ukweli mmoja wa kiufundi, kwamba mawimbi ya kituo cha televisheni hayakufika mbali. Televisheni ya kebo ilipoenea, shabiki wa Memphis aliweza kuona mieleka ya Atlanta au New York akiwa sebuleni, na mipaka ikapoteza maana. Vince McMahon, aliyeinunua kampuni ya baba yake mwaka 1982, hakuona sababu ya kuheshimu ahadi ambazo hakuzitoa yeye: alinunua muda wa matangazo katika miji ya wenzake, akawachukua wanamieleka wao mashuhuri, na Machi 1985 akaandaa WrestleMania ya kwanza, tamasha lake kubwa la mieleka. Himaya zilianguka moja baada ya nyingine. Memphis ilidumu hadi 1997, katika miaka yake ya mwisho ikishirikiana na McMahon, ambaye aliwapeleka huko vijana wake kujifunza mbele ya watu wachache kabla ya kuwaonyesha nchi nzima. Mmoja wao, mwaka 1996, alikuwa Dwayne Johnson, maarufu kama The Rock, ambaye baba yake, Rocky Johnson, na babu yake, Peter Maivia, walikuwa wameishi kwa kuhama kutoka himaya moja hadi nyingine.